Kipimo cha Viwiko

Mke wangu analipwa kuvunja masinki. Nikiwaambia wateja hivyo, wakiwa wamekaa kwenye kiti changu cha kunyolea na shuka shingoni, hucheka wakidhani nawapotezea mawazo wasiuone wembe. Lakini ni kweli tupu. Kiwanda anachofanyia kazi kinatengeneza masinki ya kunawia, vyoo na vigae, na kila tanuri linapofunguliwa, masinki mawili hayaendi stoo. Yanabebwa hadi chumbani kwake, na humo hayatoki mazima. Wenzake wamempa jina la Mama Kishindo, nalo limemkaa hasa, maana hata kwenye ubao wa ofisini namba yake ya simu imeandikwa hivyo.

Chumba chenyewe nimekiona. Sakafu ya saruji imejaa makovu, na ukuta mmoja umefungwa vyuma vya kutundikia. Kushoto kuna ndoo za mchanga, kila moja imeandikwa kilo zake kwa rangi nyekundu. Kulia kuna mapipa mawili, moja la maji ya moto, jingine la baridi. Siku hizo kazi ilikuwa hivi: sinki la kwanza linafungwa ukutani, linapakiwa ndoo mdomoni hadi kilo mia na hamsini, linaachwa saa nzima. La pili linamwagiwa maji yanayokaribia kuchemka, halafu ya baridi, halafu ya moto tena, mara kumi. Kisha mke wangu analigonga kwa nyundo ndogo ya mbao na kutega sikio. Kauri nzima hulia kama kengele. Yenye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, hujibu kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kitambaa. Akiwa na shaka anapaka wino na kuufuta. Penye ufa wino hubaki. Na yakifaulu yote hayo, anaendelea kuyapakia mzigo mpaka yavunjike, ili ajue mwisho wake ni wapi.

"Chuma kikizidiwa kinajikunja," huniambia. "Mbao zinalalamika kwanza. Kauri haisemi kitu. Inavumilia, inavumilia, halafu siku moja basi."

Mama yangu ni fundi cherehani. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, chumba na sebule na bafu dogo, na cherehani yake iko dirishani ili asikose mwanga wala habari za mtaa. Siku nilipompeleka mchumba wangu kwake, alimwuliza anafanya kazi gani. Akajibiwa. Mama akasema, "Basi vikombe vyangu vya chai utavishika ukiwa umekaa chini." Wakacheka wote wawili mpaka mimi nikajiona mgeni. Tangu siku hiyo wakapatana.

Kiwanda kilipotoa sinki la umbo jipya, mke wangu alimpelekea mama moja. Lilikuwa zuri kweli. Jeupe, mdomo mwembamba, halina mguu, limeshikwa ukutani na bolti mbili tu, utadhani linaelea. Nililifunga mwenyewe kwa spana ya kuazima, nikatumia Jumapili nzima na maneno ambayo mama alijifanya hayasikii. Kuanzia Jumatatu akaanza kulitangaza. Kila aliyekuja kupimwa nguo alipitishwa bafuni kwanza. "Hili limepimwa na mkwe wangu," alisema, akilipapasa kama anavyopapasa kitambaa cha bei.

Lilipoingia mwezi wake wa tatu, likapasuka.

Mama alinipigia simu nikiwa katikati ya ndevu za mtu. "Mwambie mkeo sinki limesalimu amri," alisema. "Asikimbie njiani akaanguka. Lakini aje."

Mke wangu alikuja na mfuko wake wa kazi, bado amevaa koti la kiwandani. Alipiga magoti bafuni, akamulika kwa tochi chini ya sinki, akapaka wino, akafuta. Mstari mweusi ukatokea. Ulianzia kwenye tundu la bolti ya kushoto, ukakata mshazari tumboni mwa sinki hadi tundu la kutolea maji. Jirani wa ghorofani, mama mmoja ambaye hajawahi kupitwa na jambo, alikuwa tayari amesimama mlangoni.

"Ndilo lile lililopimwa?" aliuliza.

Mke wangu aligeuza shingo, akamtazama mama yangu.

"Mama, ilikuwaje?"

"Nilikuwa nanawa uso."

"Ulikuwa unanawa tu?"

"Nanawa tu. Likalia *ta!* Maji yakanimwagikia miguuni."

"Hujaangusha kitu? Hujapanda juu yake kubadilisha taa?"

"Mimi na magoti haya nipande sinki?" Mama alisema hayo akiangalia ukutani, na mikono yake ilikuwa imejificha ndani ya aproni. Mimi sikuliona hilo. Mke wangu aliliona, akaniambia baadaye, lakini siku ile alinyamaza. Akalifungua sinki, likagawanyika vipande viwili mikononi mwake, akavizungushia blanketi, akaondoka navyo kifuani kama mtoto mgonjwa.

Alikuwa ameaibika, lakini hilo halikuwa zito kama mambo mengine mawili yaliyokuwa yakimsumbua. Kwanza, kiwanda kilikuwa kimepokea barua nne za malalamiko ya masinki ya umbo lile lile, na zote zilisema ufa wa mshazari. Pili, masinki mia tatu ya umbo hilo yalikuwa yamepangwa stoo, kwenye majani makavu, yakisubiri kupelekwa katika hospitali mpya. Zilibaki wiki tatu.

Alikwenda kwa meneja. Meneja wao ni mtu mwenye adabu, lakini huongea huku akiangalia saa.

"Watu wanaangusha vitu," meneja alisema. "Chupa za manukato, pasi, sijui nini. Hakuna atakayeandika barua akasema ni mimi nimevunja."

"Mama mkwe wangu hana chupa ya manukato."

"Vipimo vyako mwenyewe vinasema masinki ni mazima. Au sivyo? Sahihi si yako?"

Sahihi ilikuwa yake. Hilo ndilo lililomchoma.

"Niletee ushahidi," meneja alisema. "Usiniletee wasiwasi."

Basi akaanza kuyapima upya masinki ya umbo lile kwa hasira. Alipakia kilo mia na themanini badala ya mia na hamsini. Sinki likakaa. Alichemsha maji mpaka yakarusha mapovu, akamwaga, akafuatisha ya baridi ya barafu. Sinki likakaa. Alirudi nyumbani siku nne mfululizo na mchanga kwenye nywele, anakula bila kujua anakula nini. "Yananicheka," alisema. "Naligonga, linalia kama kengele ya shule. Naenda kwa mama, limegawanyika vipande viwili. Nani mwongo kati yetu?"

Siku ya tano alileta nyumbani vile vipande vya sinki la mama. Akaviweka kwenye meza ya kulia, juu ya gazeti, akawasha taa zote, akainama na kioo chake cha kukuzia. Aliniita.

"Njoo uone. Hapa palipovunjika, ukingoni. Unaona hii mistari midogo, imetawanyika kama miale?"

Niliona, au nilisema naona.

"Ifuate inakotoka. Yote inarudi hapa." Kidole chake kilitua ubavuni mwa tundu la bolti ya kushoto, upande wa chini, ule wa nje, mahali penye doa dogo lililong'aa kama kioo. "Ufa ulizaliwa hapa. Si ndani kunakomwagwa maji, wala si mdomoni kunakowekwa mzigo. Hapa. Halafu angalia ulivyotembea. Ungekuwa umevutwa tu, ungekwenda moja kwa moja. Huu umekwenda mshazari. Kitu kilikuwa kinalivuta na kulisokota kwa pamoja."

Kisha akainua uso, akaniangalia kwa jicho ambalo mume yeyote analijua.

"Kinyozi," alisema. Huniita hivyo nikiwa mashakani. "Zile nati ulizikazaje?"

Nilijikuna. Ilibidi niseme. Ukuta wa bafu la mama una nundu. Sinki lilikataa kulala sawa, likawa linacheza upande wa kushoto. Nikaikaza nati ya kushoto mpaka likatulia, na kwa uhakika nikaongeza robo mzunguko.

"Robo?"

"Nusu."

Nilitegemea anifokee. Badala yake alichukua kalamu akaandika. "Sawa. Huo ndio msokoto. Lakini ulikuwepo tangu siku ya kwanza na sinki likakaa miezi miwili na zaidi. Wewe peke yako hukulivunja." Akafikiri. "Na mama hakuwa ananawa uso tu. Kuna kitu hatuambii."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Tulitoka asubuhi, jua ndio kwanza linachomoza, ili akapime ile nundu ya ukuta kabla wateja wa mama hawajaanza kuja. Mlango wa mama haukuwa umefungwa. Tulibisha, hakuitika, maana bomba la jirani lilikuwa likinguruma. Tukaingia.

Mama alikuwa amesimama kwenye meza ya jikoni, kiwiliwili chote amekilaza mbele. Viwiko vyake viwili vilikuwa kwenye ukingo wa beseni la plastiki, na mikono ilikuwa imezama kwenye maji yanayofuka mvuke. Macho ameyafumba. Birika lilikuwa kando yake, bado linatoa moshi. Sikuwahi kumwona mama yangu akiwa na uso ule. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kitu kipite.

"Shikamoo, Mama," mke wangu alisema taratibu.

Mama alishtuka, akaichomoa mikono na kuificha kwenye taulo. "Marahaba. Mnaingia kama paka! Nafua."

"Unafua nini, Mama? Beseni halina nguo."

Mama alikaa kwenye kiti. Nilifikiri angetufukuza, ana uwezo huo. Lakini labda alichoka kuficha, au labda kwa kuwa aliyeuliza ni mke wangu, alifungua taulo na kuweka mikono juu ya meza. Vidole vilikuwa vimekunjika kidogo, vifundo vimevimba na kuwa vyekundu kwa joto.

"Asubuhi havifunguki," alisema. "Mwaka wa nne huu. Mpaka niviloweke. Namimina maji ya birika, najilaza juu ya mvuke mpaka yapoe kidogo, kisha nazamisha; robo saa yote ikipita, ndiyo vinaanza kunitii. Saa mbili mteja wa kwanza akiingia, ananikuta naingiza uzi kwenye sindano kama kawaida."

"Mama," nilisema, "mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Wewe unaongea na watu ishirini kwa siku. Jioni mtaa mzima ungejua fundi mikono imekwisha. Nani angeniletea kitambaa tena?"

Niliona haya. Kutwa nzima nashika vichwa vya watu, naona kovu la mtu tangu utotoni mwake, na vidole vya mama yangu sikuviona.

Mke wangu hakumwonea huruma, wala hakumkumbatia. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akafungua daftari.

"Mama, kwenye sinki ulikuwa unafanya hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Kila siku?"

"Kila siku iliyoumbwa."

"Viwiko unaviweka wapi? Nionyeshe. Mbele kabisa ya mdomo, au pembeni? Uzito wote unauachia, au miguu inabeba?"

Mama alimtazama kama anayedhihakiwa. Halafu akaona kalamu inasubiri. Nilimwona akinyooka mgongo.

"Miguu haibebi kitu," alisema. "Najilaza. Maana hapo mgongo nao unapata nafuu. Na nikimaliza, siwezi kujisukuma kwa viganja, si unaona? Najisukuma kwa viwiko. Hivi." Akasimama, akaonyesha.

Nilitumwa nyumbani kuleta mizani ya bafuni. Tuliiweka juu ya meza, mama akaegemea. Kilo thelathini na nane. Akajisukuma kuinuka, mshale ukaruka hadi hamsini na moja. Mke wangu alichovya kipima joto kwenye birika jipya, akahesabu dakika, akapima umbali kati ya kiwiko na kiwiko kwa futi ya cherehani ya mama mwenyewe. Ilichukua saa nzima. Jirani wa ghorofani alichungulia mara mbili, mama akamwambia, "Tuko kazini."

Walipomaliza mama aliuliza, "Kwa hiyo nimelivunja mimi?"

"Hapana, Mama. Nimelivunja mimi. Nililipima vibaya." Alifunga daftari. "Mzigo nilipima. Joto nilipima. Lakini nilipima kimoja kimoja, sinki hili kwa mzigo, lile kwa joto, kama vile watu wakitia maji ya moto wanasimama mbali na sinki kwa heshima. Bolti ya mwanao inalisokota. Viwiko vyako vinalivuta chini. Maji yanalitanua ndani wakati nje bado ni baridi. Kila kimoja linakiweza. Vyote vitatu kwa mpigo, sijui. Jumatatu nitajua."

Jumatatu alimwomba seremala wa kiwanda amtengenezee ubao wa kufungia wenye nundu, milimita tatu upande wa kushoto, sawa na ukuta wa mama. Ndoo za mchanga aliziweka kando. Alijaza mifuko miwili midogo ya turubai, akailaza mdomoni mwa sinki kwa umbali ule ule aliopima kwa futi, na kuongeza mkono wa chuma wa kuisukuma mara moja, ghafla, kama mtu anavyojiinua. Kwanza alijaribu nundu na mzigo bila joto. Sinki likakaa. Akajaribu mzigo na joto kwenye ubao ulionyooka. Likakaa. Kisha akaweka vyote vitatu. Alimwaga maji ya digrii tisini, akabonyeza saa.

Dakika ya kumi na tano, alipoteremsha ule mkono wa chuma, likalia *ta!*

Ufa wa mshazari, kutoka tundu la kushoto hadi tundu la kutolea maji. Angeweza kuuchora akiwa amefumba macho. Alifunga sinki la pili, likapasuka dakika ya kumi na moja. La tatu likashikilia siku mbili, mizunguko kumi na minne, halafu nalo likaenda. Aliniambia kwamba lilipokwenda la tatu alikaa chini sakafuni, kati ya vipande, akacheka peke yake mpaka seremala akamletea maji ya kunywa.

Meneja alikuja na injinia mkuu, mwanamume wa miwani na maneno machache. Meneja aliangalia ubao, mifuko, nundu.

"Umelilazimisha," alisema. "Hiki si kipimo, hiki ni mtego. Nani duniani anatumia sinki namna hii?"

"Mama mkwe wangu."

Watu wa tanuri waliokuwa wamejazana mlangoni wakaangua kicheko. Hata meneja alitabasamu. "Sasa tusimamishe masinki mia tatu kwa sababu ya mama mkwe mmoja?"

Jioni mke wangu alisimulia hayo kwa mama, akiyafanya mepesi, kama mzaha wa kazini. Mama hakucheka. Alizima pasi.

"Huyo meneja wako anaingia kazini saa ngapi?"

"Mama, hakuna haja…"

"Nimekuuliza saa."

Asubuhi iliyofuata nami nilifunga saluni, kwa sababu jambo kama lile haliwezi kusimuliwa na mtu ambaye hakuwepo. Mama alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, mishono ya kifuani imenyooka kama imepigwa rula. Alipita getini, akapita ua wenye mirundo ya udongo mweupe, akapita mafundi wanaopaka rangi ya kung'arisha, wote wakamsalimu, naye akawaitikia mmoja mmoja. Katika chumba cha mke wangu aliangalia vile vyuma na mapipa na makovu ya sakafu. "Kumbe ndiko unakoshinda," alimwambia. Kulikuwa na kitu kwenye sauti yake ambacho nimewahi kukisikia mara moja tu, siku nilipofungua saluni.

Meneja alipoingia, mama hakumpa nafasi ya kuangalia saa.

"Mwanangu," alisema, "nimesikia umeuliza ni nani. Ni mimi."

Akanyoosha mikono yake mbele ya watu wote. Ile mikono aliyoificha kwa miaka minne, mbele ya injinia, mbele ya watu wa tanuri, mbele yangu. Haikuwa imelowekwa asubuhi ile. Aliiacha makusudi.

"Hii imeshona sare za shule mbili na magauni ya harusi sijui mangapi. Sasa asubuhi inataka maji ya moto. Wewe umetengeneza kitu cha kutilia maji, kina ukingo, kiko usawa wa viwiko vyangu. Unataka niegemee wapi? Darini?"

Hakuna aliyecheka. Halafu kutoka mlangoni, mchoma tanuri mmoja, mtu wa makamo mwenye mabega kama kabati, akainua mkono wake. "Hata mimi," alisema. "Kila asubuhi. Lakini kwangu kuna sinki la zamani, lile zito."

"Mke wangu pia," seremala akasema. "Akiosha nywele. Analilalia kabisa."

Injinia mkuu alikuwa amechuchumaa kando ya ubao, anapitisha kidole kwenye tundu la bolti. "Na hayo mia tatu," alisema bila kuinuka, "yanakwenda hospitali. Kwa watu wasioweza kusimama bila kushika kitu." Akamgeukia mke wangu. "Nionyeshe tena, tangu mwanzo. Na mama akuambie kama mifuko umeiweka sawa."

Mama aliisogeza mifuko kidogo kuelekea ndani. "Hapo," alisema. Sinki likapasuka dakika ya nane.

Meneja akatoa simu na kuwaambia watu wa stoo wasipakie kitu. Nitamsifu kwa hilo. Angeweza kutafuta maneno mengine. Hospitali iliandikiwa kwamba masinki yatachelewa, na sababu ikaandikwa bila kuzungushwazungushwa.

Wiki sita zilizofuata nilimwona mke wangu kama mgeni anayelala kwetu. Injinia alichora, yeye akavunja. Waliongeza unene kuzunguka matundu ya bolti. Likapasuka siku ya tano, mahali pengine. Wakaweka mbavu mbili chini ya tumbo. Wakaweka pete nene za mpira kwenye bolti ili sinki likae hata kwenye ukuta wenye nundu bila kusokotwa, wakaandika kwenye karatasi ya maelekezo, kwa herufi kubwa, mwisho wa kukaza nati ni wapi. Mke wangu aliniletea nakala ya karatasi hiyo na kuibandika kwenye kioo changu cha saluni bila kusema neno.

Umbo la saba lilijazwa maji ya moto mara mia tatu, limesokotwa, limelaliwa, limesukumwa. Mara ya mia tatu alilifungua, akaligonga kwa nyundo yake ya mbao. Alinipigia simu nisikilize. Nilikuwa na mteja mwenye sabuni usoni, nikaweka sauti ya juu tusikie wote wawili. Lililia wazi, mlio mrefu.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia, mke wangu."

"Hongera, dada!" mteja akapaza sauti, akarusha povu.

Kipimo hicho sasa kimo kwenye kitabu cha kiwanda, na hakuna sinki la umbo lolote linalopita bila hicho. Kwenye kitabu kina namba na maelezo marefu, na chini ya "Aliyeandaa" kuna jina la mke wangu, halafu mstari ambao injinia alisisitiza uwepo, unaotaja vipimo vya mwili vilitoka kwa nani. Mama ana nakala. Ameiwekea fremu. Wafanyakazi wenyewe hawatumii namba. Wanakiita kipimo cha viwiko. Na mama siku hizi analoweka vidole mlango ukiwa wazi. Wateja wake hawakumkimbia. Wawili walimwuliza maji yawe na moto kiasi gani.

Hospitali ilipofunguliwa tulikwenda kuitazama kama watu wengine. Wodi ya wanaume ilikuwa na harufu ya rangi mpya, na masinki yalipangwa ukutani, meupe, manane. Mzee mmoja aliyevaa pajama alitoka kitandani, akaburuta miguu hadi la tatu. Alifungua maji ya moto. Akaweka mkono mmoja kwenye ukingo, kisha kiwiko, kisha kiwiko cha pili, akajilaza na uzito wake wote, na kuanza kunawa uso polepole kama mtu asiye na pa kwenda.

Mke wangu alisimama. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, nikauhisi umekaza. Mzee alinawa, akasukutua, akapumzika kidogo akiwa bado ameegemea. Kisha akajisukuma kwa nguvu, akainuka, akakung'uta maji mikononi na kurudi kitandani bila kutuangalia.

"Twende," mke wangu alisema, na akatangulia mbele yangu kwenye ukumbi ule mrefu, kidevu juu.